Kelele Ileile, Visanduku Viwili

Kila baada ya miezi mitatu, makao ya wazee ya Marekani yanayolipwa na Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, hujaza fomu ndefu iitwayo MDS kwa kila mkazi. Ndani yake mna sehemu E, ya tabia, na sehemu J, ambayo pamoja na mengine inahusu maumivu. Mzee mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na akili, akipiga mayowe, sehemu E ina kisanduku chake, E0200C: dalili zisizomlenga mtu mwingine, na kupiga kelele kumetajwa humohumo kama mfano. Sehemu J nayo ina chake, J0800A: sauti zisizo na maneno, kama kulia, kugumia na kupiga kite, kwa mkazi asiyeweza kujibu maswali ya maumivu. Koo ni lile lile na sauti ni ile ile. Lakini ikiingia E pekee, safari yake mara nyingi inaishia kwa daktari wa akili. Ikiingia J, nesi hana budi kuuliza panapouma ni wapi.

Waafrika Mashariki walioko Minneapolis, Worcester, Dallas au Portland ya Maine wanaijua sauti hii. Wengi wao huanzia maisha ya ugenini kwenye kazi ya CNA, msaidizi wa wauguzi, ambayo sheria ya shirikisho inaitaka mafunzo yasiyopungua saa 75, na 16 kati ya hizo ziwe za vitendo. Saa 75 hazijazi wiki mbili za kazi. Baada ya hapo mtu anakabidhiwa wazee kumi au zaidi, na mmoja wao anaita "Help! Help!" tangu chai ya asubuhi. Msaidizi huyu ndiye wa kwanza kusikia, ndiye anayejua kwamba ilianza pale soksi ya kushoto ilipovutwa, na mara nyingi hakuna anayemuuliza. Daktari anapita kwa dakika chache, anasoma "anasumbua, anapiga kelele", anaandika dawa. Msimamo wetu ni kwamba makosa mengi katika kushughulikia kelele za dimenshia yanakuwa yameshafanyika kabla ya dawa, kwenye sentensi ile ya chati.

Neno "anasumbua" linaeleza hali ya msikilizaji tu. Halisemi kelele ilianza saa ngapi, mzee alikuwa amekaa au amelala, alitamka nini, wala nini kiliizima. Kinachofanya kazi ni karatasi ya siku 3 mfululizo, zamu zote, yenye safu saba: saa, mahali, nani alikuwa karibu, nini kilitangulia katika dakika 10 za nyuma, alisema nini, neno kwa neno au sauti kwa sauti, nini kilisimamisha, ilidumu dakika ngapi. Safu ya sita ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo yenye thamani kubwa. Kelele iliyozimwa na glasi ya maji si sawa na iliyozimwa na kubadilishwa nepi, na zote mbili ni tofauti na ile iliyokoma mtu alipovuta kiti akakaa. Vilevile andikeni saa ambazo mzee alikuwa kimya. Bila hizo hakuna cha kulinganisha, na karatasi nzima inakuwa orodha ya malalamiko ya wafanyakazi.

Kwa kawaida siku 3 zinatosha kuonyesha mkondo mmoja kati ya minne. Kuna kuita kwa lengo, ambako mzee ananyamaza akifikiwa. Kuna kilio cha kuguswa, kinachotokea wakati wa kugeuzwa, kuvishwa au kuogeshwa. Kuna kelele ya mazingira, inayopanda na televisheni, kengele na sahani za chakula. Na kuna mrudio, "la-la-la" au neno moja saa nzima, ambao unatokana zaidi na ubongo wenyewe kupoteza breki na mara nyingine haumsumbui mzee hata kidogo. Mikondo hii huchanganyika, lakini kila mmoja una dawa yake. Kuutibu wa pili kwa njia ya kwanza, yaani kumshika mkono na kumbembeleza mtu mwenye nyonga iliyovunjika, ni ukatili usiokusudiwa.

Ndiyo maana ukaguzi wa mwili unatangulia kila kitu. Dimenshia hula lugha ya mtu muda mrefu kabla haijagusa uwezo wake wa kuhisi maumivu. Anza juu, shuka chini. Masikio: nta iliyoganda, au kifaa cha kusikia chenye betri iliyokufa. Mtu asiyejisikia mwenyewe hupaza sauti, na betri ndogo za zinki hudumu siku kadhaa hadi wiki mbili hivi tu hata kama hakuna aliyemzungumzisha. Mdomo: meno bandia yanayokwaruza, jino lililovunjika kwenye ufizi, ulimi mkavu. Ngozi ya mgongo na ubavu: malengelenge ya mkanda wa jeshi hutanguliwa na maumivu siku kadhaa kabla hayajaonekana. Tumbo: fungua rekodi ya choo. Siku 3 bila choo ni sababu ya kutosha ya mtu yeyote kupiga kelele, na kuharisha kidogo kidogo kusikudanganye, kwani maji maji yanaweza kuwa yanapita pembeni ya choo kilichokwama. Kibofu: kama nepi ni kavu kwa saa nyingi na tumbo la chini limejaa, nesi alete kipimo cha kibofu. Nyonga na mapaja: kama alianguka juzi, sauti mpya wakati wa kusimamishwa ni mvunjiko mpaka picha iseme vinginevyo. Visigino ndivyo vya mwisho, na ndipo vidonda vya kulalia hujificha, chini ya soksi.

Mkojo nao una mtego wake. Kwenye makao haya imekuwa desturi kwamba kelele ikizidi, mkojo unapelekwa maabara, bakteria wanaonekana, antibiotiki zinaanza na kila mtu anapumua. Shida ni kwamba robo hadi nusu ya wanawake wanaoishi kwenye makao ya uangalizi wa muda mrefu wana bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa wowote. Bila homa, maumivu ya kukojoa au dalili nyingine ya maambukizi, majibu hayo hayaelezi kelele, na sababu halisi inabaki pale pale wiki nzima huku dawa ikiharibu tumbo. Mabadiliko ya ghafla, ya saa chache au siku mbili, pamoja na kusinzia na kuzinduka, ni jambo tofauti. Hilo laweza kuwa payuko (delirium), yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa, na daktari anapigiwa siku hiyo hiyo.

Kwa maumivu, kipimo rahisi ni PAINAD: mambo matano (pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anabembelezeka), kila moja alama 0 hadi 2, jumla 10. Kosa la kawaida ni kumpima mzee akiwa amelala tuli baada ya chakula. Anapata 1, maumivu yanafutwa kwenye orodha, na kesho yake anapiga yowe kwenye winchi ya kumnyanyulia. Mpime akigeuzwa. Halafu jaribu, na jaribio liwe na mwanzo na mwisho. Norwei mwaka 2011, timu ya Bettina Husebø ilitoa matokeo ya wakazi 352 kutoka makao 18, ambako kundi moja lilitibiwa maumivu kwa ngazi, kutoka dawa nyepesi kwenda nzito, kwa wiki 8. Wengi wao, karibu 7 kati ya 10, hawakuhitaji zaidi ya paracetamol, kwa kiwango kisichozidi gramu 3 kwa siku. Fadhaa ilipungua kwa asilimia 17 kuliko kwenye kundi lililoendelea na matunzo ya kawaida, na dawa ilipositishwa ikaanza kurudi. Paracetamol, Tylenol ileile iliyoko kwenye kila kabati! Lakini ilitolewa kwa saa maalumu. Dawa iliyoandikwa "akihitaji" ni dawa ya mtu anayeweza kuomba, na mzee huyu uwezo huo hana tena. Kama baada ya wiki 2 kwa kipimo kamili hakuna tofauti kwenye karatasi, daktari aiondoe au apande ngazi. Isiachwe ikaendelea miaka kwa mazoea.

Bafuni ndiko kelele nyingi za mkondo wa pili zinakopikwa. Mzee anavuliwa nguo, anasukumwa kwenye kiti cha plastiki chenye tundu, anapitishwa ukumbini akiwa na shuka mgongoni, kisha maji yanaanzia kichwani. Ukilitazama kwa macho yake, anachokiona ni watu asiowajua wanamvua nguo. Mwaka 2004 timu ya Philip Sloane ilichapisha ulinganisho wa njia mbili dhidi ya kuoga kwa kawaida. Kuogesha chini ya bomba kwa kumfuata mtu mwenyewe kulipunguza ukali wa wakazi kwa asilimia 53, na kuogesha kitandani kwa taulo kwa asilimia 60. Njia ya taulo haihitaji mashine. Weka taulo moja kubwa na mbili ndogo kwenye mfuko wa plastiki, mimina lita 2 hivi za maji ya nyuzi 40 hadi 43 yenye sabuni isiyosuuzwa kwa kipimo cha kwenye chupa yake, kanda, kamua. Mfunike mzee taulo lile la moto huku ukivuta blanketi kidogo kidogo, na umsugue polepole juu ya taulo, ukianzia miguuni. Uso uwe wa mwisho. Taulo likipoa, mfunike blanketi kavu papo hapo. Njia hii inaharibika kwa sababu mbili tu: taulo linalodondosha maji, na msaidizi anayeongea na mwenzake juu ya kichwa cha mzee. Anayejulikana kuwa na viungo vibovu apewe dawa yake ya maumivu dakika 30 hadi 60 kabla.

Sasa ile hadithi ya jua kuzama. Ni kweli wazee wengi wenye dimenshia huchafuka kuelekea jioni, na saa ya mwili iliyovurugika ina mchango wake. Lakini zamu za makao mengi hubadilishana saa tisa alasiri. Fuata siku ya mwanamke mmoja wa mfano tu. Amenyanyuliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi na zamu ya usiku ili kuwapunguzia wenzao kazi. Amekunywa paracetamol saa mbili na dozi ya mchana ikarukwa kwa kuwa alikuwa mazoezini. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu tangu aliponyanyuliwa, muda mwingi mbele ya kaunta ya manesi. Ikigonga saa tisa amekaa zaidi ya saa 8 juu ya makalio yaleyale, dawa ilishaisha nguvu, na ghafla watu kumi wanapita mbele yake wakivaa makoti, wakisukuma mikokoteni, wakiagana. Anapiga yowe saa tisa na nusu, na chati inasema ni jua. Mrudishe kitandani kwa saa moja baada ya chakula cha mchana, dozi ya pili itolewe saa nane, kiti kihamishwe kutoka kaunta kipelekwe dirishani, kisha ndipo ulihukumu jua.

Kipimo cha haraka cha mkondo wa mazingira: mtoe mzee ukumbini umkalishe chumba kimya kwa dakika 15 ukiwa karibu. Akitulia, alikuwa amezidiwa na zogo. Akizidisha, alikuwa mpweke. Wafanyakazi wengi hudhani mzee anayepiga kelele lazima atolewe kwa watu, na kwa wapweke hiyo ni kuwaongezea kile kile kinachowaliza.

Kuhusu upweke tunao ushahidi wa zamani na mzuri. Mwaka 1997 Jiska Cohen-Mansfield na Perla Werner waliwafuata wakazi 32 wenye kelele za namna hii wakijaribu mambo manne. Mtu wa kukaa na mzee ana kwa ana alipunguza kelele kwa asilimia 56. Video ya ndugu akizungumza naye, 46. Muziki aliokuwa akiupenda, 31. Kutofanya lolote, 16. Tarakimu hiyo ya mwisho inastahili kubandikwa kwenye kabati la dawa: sehemu ya kelele hupungua yenyewe, na yeyote aliyetoa kidonge dakika hiyo ataapa kwamba kidonge ndicho kilichofanya kazi.

Video ya ndugu haina gharama sasa ambapo kila mtu ana simu. Iwe ya dakika 10 hadi 15, uso karibu, mwanga mbele, kwa lugha ya kwanza ya mzee. Isimulie mambo ya zamani yanayojulikana: shamba, harusi, mtaa, wimbo wa kanisani. Isiulize "unanikumbuka?", wala isimtaje marehemu kama yu hai au kama amekufa. Wazee wachache hufadhaika zaidi wakimwona mtoto wao kwenye kioo asifikike. Kwa hao ijaribiwe sauti pekee, na ikishindikana iachwe.

Kinachowashinda wengi ni mafunzo yasiyokusudiwa. Mzee akiwa kimya hakuna anayekwenda, na akipiga kelele anafikiwa. Hata ubongo uliochakaa hujifunza hilo. Tukiamua "kumpuuza mpaka aache", kuna siku msaidizi mmoja atavumilia dakika 40 kisha aende, na sasa mzee amefundishwa kupiga kelele dakika 40. Geuza mpangilio: nenda akiwa kimya, kwa saa iliyopangwa, dakika 2 kila nusu saa kuanzia saa tisa hadi saa moja jioni. Ni ziara 8, dakika 16. Mwite jina, shika mkono, mpe maji, ondoka ukisema utarudi, na urudi kweli.

Kuna pia namna ya kusema. Kristine Williams wa Kansas alionyesha mwaka 2009 kwamba mzee akisemeshwa kitoto, uwezekano wa kukataa huduma ulikuwa 0.55, na akisemeshwa kama mtu mzima 0.26. Hapa watu wetu wana pa kuangalia. Kwetu kumwita mzee asiye ndugu yako "bibi", "babu" au "mama" ni heshima tupu. Ukifika ukumbini Texas unasikia wenzako wakiwaita wazee majina ya vipenzi na vichanga, unadhani ndiyo "bibi" ya huku, unaiga. Siyo. Jina la ukoo alilozoea kuitwa, sauti ya chini, sentensi fupi moja moja, uso usawa wa uso wake, na sekunde kadhaa za kungoja jibu.

Na lugha yenyewe. Dimenshia ikisonga, lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi hutangulia kupotea. Mpolandi wa Chicago aliyeongea Kiingereza miaka 60 anarudi kwenye Kipolandi, na chati inaandika "maneno yasiyoeleweka". Familia ikuandikie kwenye kadi, kwa matamshi unayoweza kusoma, maneno matano: maji, choo, inauma, baridi, mama. Bandika kichwani pa kitanda. Anayejua Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza hashindwi na matano.

Dawa za magonjwa ya akili za kundi la antipsychotic zina nafasi yao, finyu: mzee anayeona watu wa kumuua, anayejihatarisha au kuhatarisha wengine, baada ya mengine kushindwa. Kwa kelele pekee ni dau baya. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo lake kali kuliko yote baada ya majaribio 17: wazee wenye dimenshia waliopewa kizazi kipya cha dawa hizi walikufa mara 1.6 hadi 1.7 zaidi, takriban asilimia 4.5 dhidi ya 2.6 katika majaribio ya wiki 10 hivi. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa kwa zile za zamani. Uingereza, ripoti ya Sube Banerjee ya 2009 ilikadiria wagonjwa 180,000 wa dimenshia walikuwa wakipewa, na vifo vya ziada 1,800 kwa mwaka. Hata asiyekufa anakauka mdomo, anasinzia, anaanguka, na wengine hupata hali ya mwili kushindwa kutulia inayowafanya wapige kelele zaidi, kisha dozi inaongezwa. Kanuni za shirikisho zinaweka kikomo cha siku 14 kwa agizo la "akihitaji" la dawa hizi, na haliongezwi bila daktari kumwona mgonjwa upya. Upenyo uliopatikana ni mwingine: mkazi mwenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, hahesabiwi kwenye takwimu za serikali za matumizi ya dawa hizi, basi baadhi ya makao yakagundua skizofrenia kwa watu wa miaka 80 na kitu. Mwaka 2023 serikali ilianza kukagua rekodi hizo. Ukiona utambuzi huo umeota kwenye chati ya mzee ambaye hakuwa nao maishani mwake mwote, uliza.

Pingamizi linalojulikana ni muda. Kanuni ya mwaka 2024 ilitaka saa 3.48 za wauguzi na wasaidizi kwa mkazi kwa siku, 2.45 kati yake za wasaidizi, na mahakama ya shirikisho huko Texas ikaitengua 2025. Wanaosema hakuna watu hawadanganyi. Ila saa 2.45 ni dakika 147, na katika hizo tunaomba 16 za ziara na taulo lisilochukua muda zaidi ya bomba. Dakika zinazoliwa kweli ni za kukimbilia kelele ileile mara kumi kwa zamu bila mtu kuiandika.

Wapo ambao hawatanyamaza, hasa wa mrudio. Lengo kwao ni kupunguza makali na kuwalinda majirani: kubadilisha mwenzake wa chumba, kuweka zulia na mapazia mazito, kitu laini cha kutafuna au kushika, na wafanyakazi kupokezana kila nusu saa kabla mtu hajachoka akafoka. Kumfungia mlango peke yake ili ukumbi upumue ni kumtenga bila hiari, na sheria inakataza.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Sehemu E hutazama siku 7 za nyuma, J0800 hutazama 5. Karatasi ya siku 3 iangukie ndani ya hizo 5, na nakala apewe mratibu wa MDS mkononi, ikiwa na mistari ya namna hii: "Saa 3:20 usiku, akigeuzwa ubavu wa kulia, alipiga kite, akakunja uso, akashika nyonga, aliporudishwa chali aliacha baada ya dakika 2, PAINAD 6."